Nimeshiba, Mama Kabula

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya. Niliwaacha nimesimama mezani na sufuria ya maharage, kanga kiunoni, jasho usoni. Kilikuwa chakula cha kwanza kukipika kwa mikono yangu tangu msimu wa pamba uanze. Na mume wangu akaisogeza sahani pembeni, akasema, "Nimeshiba, mama Kabula."

Kwa anayekutana nami leo, naitwa Nyanjige. Nafanya kazi ofisini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Mume wangu Mayige alikuwa dereva wa lori, mpaka lori lilipopinduka likamvunja mguu. Mguu ulipona lakini ukabaki mfupi kidogo, na tajiri wake hakumrudisha kazini. Tukabaki na mshahara wangu, na mtoto wetu Kabula, wa darasa la pili.

Nilikuwa natoka giza halijaisha, narudi giza limeingia. Nani apike? Tukawa watu wa kununua. Asubuhi chapati za barabarani. Jioni napita mahali nafungiwa chipsi, au wali kuku, nafika kwa bodaboda, nafungua mezani, tunakula, tunalala. Niliona nimepata akili. Vyombo vichache, moshi hakuna.

Mpaka mwalimu wa Kabula alipowaambia watoto wachore jiko la nyumbani kwao, na mwanangu akachora bodaboda.

Ndipo nilipomwendea Wilhelmina, mwenzangu wa ofisini, mama wa watoto wanne ambaye hanunui chakula cha jioni hata siku moja. Nikamwambia, nifundishe. Akanifundisha. Chemsha maharage ya wiki nzima Jumapili, gawa kwenye makopo, weka kwenye friji. Saga nyanya na vitunguu mara moja, vikae tayari. Dagaa hawataki muda, wanataka mafuta ya moto na mtu asiyekimbilia simu. "Ukifika nyumbani," alisema, "bandika maji ya ugali kabla hujavua viatu."

Nilibandika kabla sijavua viatu. Na mume wangu alikuwa ameshiba.

"Umeshiba wapi?" nilimuuliza.

"Nimekula huko."

"Huko wapi?"

"Mjini."

Akachukua kijiko, nadhani kwa kunionea huruma, akaonja maharage yangu. Akatafuna polepole.

"Umewahi kutia chumvi," alisema. "Yaache yaive kwanza, ndipo utie."

Jamani, mwanaume aliyezaliwa Kasoli, aliyekulia nyuma ya ng'ombe na kuzeekea kwenye usukani, ananiambia habari ya chumvi! Moyo wangu ulijibu hapohapo. Hayo si maneno yake. Kuna mwanamke mahali fulani anayemfundisha mume wangu kunipima.

Nikala peke yangu maharage yaliyowahi chumvi.

Jioni iliyofuata nikapika dagaa. Akaonja mara mbili, akashukuru, akaenda kukaa nje. Siku nyingine nikapika mchicha wa karanga na ugali. Akasifia ugali, akauacha. Nilipokuwa nafua nikachukua shati lake, nikalinusa. Halikuwa na harufu ya pombe wala ya marashi. Lilinuka vitunguu vilivyokaangwa.

Nilimweleza Wilhelmina nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Vitunguu?" aliuliza. "Mwenzangu, bora lingenuka pombe. Mwanaume anayefuata pombe hurudi. Anayefuata chakula ameshahama."

Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani. Nikakuta Kabula anafanya hesabu zake sakafuni. Nikampakulia. Akachokoachokoa, akaacha.

"Mbona huli, mwanangu?"

"Nimeshiba, mama."

Neno lilelile. Nilikaa chini karibu yake.

"Na wewe umeshiba wapi?"

Akaangalia daftari lake. "Kwa mama Felisita. Nikitoka shule tunakula na baba."

"Kila siku?"

Kabula akasema kwa sauti ndogo, "Baba alisema nisikwambie."

Felisita nilimjua. Mji mzima ulimjua. Ni mjane, mama lishe mwenye kibanda cha mabati karibu na stendi. Na aliyemfanya ajulikane zaidi ni mimi. Ofisi yetu ilipotafuta mtu wa kutuletea chakula cha mchana, ni mimi niliyemwambia bosi, mchukue huyu mama, hakuna anayepika kama yeye. Kila mchana bodaboda alileta mahotipoti yake, na sauti ya kwanza kusifu ilikuwa yangu. Jioni nikichoka nilipita palepale kwake nikafungiwa cha kupeleka nyumbani.

Kumbe nilikuwa nasifia mikono inayoninyang'anya nyumba. Ndivyo nilivyoona siku hiyo. Mume amehama, na mtoto naye amemfuata.

Kesho yake niliomba ruhusa saa ya chakula. Asubuhi nilikuwa nimeamka mapema kuliko kawaida, nikakaanga sato niliyemnunua kwa wachuuzi wa Lamadi, nikamtengenezea mchuzi mzito wa nyanya. Nikafunga sufuria kwa kanga, nikaja nayo kazini. Wilhelmina alipoona natoka nayo getini alinifuata mbio.

"Nyanjige, unaenda wapi na sufuria?"

"Naenda kumlisha mume wangu."

"Msubiri nyumbani. Ongeeni nyumbani. Mambo ya ndani ya nyumba hayapelekwi stendi."

"Yeye ameyapeleka stendi."

Nikapanda bodaboda na sufuria mapajani.

Kibandani kwa Felisita mabenchi yalikuwa yamejaa. Madereva wa malori ya pamba, vibarua, walimu wawili ninaowafahamu. Felisita alikuwa mbele anagawa sahani kwa mkono mmoja. Nyuma yake palikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia, moshi.

"Mama Kabula!" alisema. "Karibu, leo umetujia mwenyewe."

"Mume wangu yuko wapi?"

Watu waliacha kutafuna.

"Yupo," alisema Felisita, na uso wake ukabadilika. "Njoo basi tusogee pembeni, mama. Nikueleze."

"Pembeni ndiko mlikozoea. Leo tuelezane hapahapa."

Nikatua sufuria yangu mezani, katikati ya sahani za watu. Nikafungua kanga.

"Wewe una chako, mimi nina changu. Aje achague mbele za watu anakula kwa nani!"

Benchi la madereva lilishangilia kama wako mpirani. Mmoja akasema, "Leo mechi ipo!" Mwingine akatoa simu, akaanza kurekodi. Mimi sikuona aibu. Nilikuwa nimeipita aibu siku nyingi.

Nikalivuta lile pazia.

Hakukuwa na kitanda. Hakukuwa na mwanamke mwingine. Palikuwa na mafiga matatu ya moto, gunia la mkaa, ungo wa vitunguu vilivyokatwa vyembamba sana, vyote sawasawa. Na mume wangu. Ameegemeza mguu mbovu juu ya tofali, mikono ya shati imekunjwa, aproni shingoni, mwiko mkononi, anageuza pilau kwenye sufuria ambayo mimi nisingeweza hata kuinua mfuniko wake.

"Baba Kabula," nilisema. "Unafanya nini?"

"Napika," alisema.

Nyuma yangu mtu akapaza sauti. "Jamani, si Mayige huyu? Mayige wa lori!"

"Ndiye!"

"Kumbe tunalishwa na dume!"

"Mke kamlisha limbwata, huyo! Mwanaume mzima na mwiko!"

Wakacheka. Walicheka wale aliowahi kulala nao barabarani, aliogawana nao maji lori lilipoharibika porini. Na yule mwenye simu alisogea, akainyanyua juu ya bega langu ili apate picha nzuri.

Felisita ndiye aliyewageukia. "Chekeni," alisema. "Ila sahani zenu zote ni tupu. Mmelamba mpaka mfupa."

Mayige alifuta mwiko, akaulaza juu ya sufuria. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya gunia.

"Pilau bado kidogo," alimwambia Felisita. "Punguza moto."

Akapita katikati ya watu, anachechemea, wakampisha huku wanacheka. Aliponipita mimi hakuniangalia.

Nilibaki pale na samaki wangu. Felisita aliniketisha kwenye ndoo iliyofunikwa, kule jikoni, akalirudisha pazia.

"Mkono huu," alisema, akinionyesha wa kulia, "haunyanyuki tangu nilipougua. Nilitaka kufunga biashara. Mumeo alikuwa anakuja kukaa pale benchi na magongo yake, hana pa kwenda. Akaniona nashindwa kumenya kitunguu. Akasema, mama, nipe kisu. Tangu siku hiyo mimi nagawa tu. Mpishi ni yeye."

"Na chakula cha ofisini kwetu?"

"Chake."

"Chote?"

"Chote. Ile sahani yako inayokuja imefunikwa peke yake, yenye nsansa ya karanga, anaiandaa kwanza kabla ya zote."

Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa. Wenzangu ofisini wanaletewa mchicha, mimi naletewa nsansa. Nilidhani Felisita ananipendelea kwa sababu nilimtafutia kazi.

"Na yule kuku niliyenunua hapa Jumamosi?"

"Alikuona unakuja, akakuchagulia mapaja, akajificha."

Nikakumbuka Jumamosi ile. Nilifika nyumbani nikamwekea mume wangu kuku wake mwenyewe mezani, nikajisifu kwamba mimi najua pa kununua. "Onja hicho," nilimwambia. Akaonja. Akasema, "Kitamu."

"Kwa nini hakuniambia?" nilimuuliza Felisita, na hapo machozi yalishaanza.

"Nilimuuliza hivyohivyo. Alisema alikujaribu mara moja."

Jioni nilimkuta Mayige amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Kulikuwa bado na mwanga. Nikakaa ngazi ya chini yake.

"Ulinijaribu lini, baba Kabula?"

Aliunyoosha mguu wake mbovu kwenye ngazi.

"Nilipotoka hospitali," alisema. "Nilikuwa na magongo bado. Ulichelewa kazini, nikapika ugali na mlenda. Ukaingia ukanikuta jikoni. Ulikimbilia kufunga mlango kwanza, majirani wasione. Halafu ukasema, toka humo, baba Kabula, watu watasema nimekulisha limbwata."

Nilikumbuka kila neno. Niliyasema nikiwa nacheka.

"Nilikuwa nakuonea huruma," nilisema. "Ulikuwa mgonjwa."

"Najua. Ndiyo maana sikukuchukia. Nilihama jiko tu."

"Basi rudi. Pika hapa. Pika mchana kweupe, mlango wazi. Nitakaa hapa nikiangalia, atakayesema aseme."

Alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama Kabula, mimi dunia nzima naonekana kilema. Sokoni kilema, kanisani kilema, kwa tajiri wangu kilema. Nilikuwa na mahali pamoja tu ambapo sikuwa kilema. Nyuma ya lile pazia. Ukalivuta."

Simu yake ikaita. Kaka yake mkubwa, Masele, kutoka Kasoli. Video ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo. Nilisikia sauti ya Masele ikitoka kwenye simu hata bila kuiweka kwenye spika. Ukoo umechekwa. Mwanaume wa Kisukuma kupika stendi. Mke amempanda kichwani. Mayige alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia, kaka," akaizima.

Hakurudi kwa Felisita. Felisita alikuja mwenyewe kumfuata, akasema wateja wanamuulizia, hata wale waliocheka, hasa waliocheka. Alikataa. Ofisini kwetu bodaboda hakuleta tena hotipoti. Wenzangu wakarudi kwenye chipsi za getini, wakanung'unika. Wilhelmina hakunung'unika. Alikuwa ananiletea chakula kwenye kopo lake, ananiwekea mezani bila kusema.

Nyumbani nilipika kila jioni. Nilipika kama mtu anayelipa dhambi. Chumvi nilitia mwishoni. Mayige alikula sasa, tena alimaliza sahani, maana hakuwa na pengine pa kula. Lakini alikula kama anavyokula mgeni kwenye nyumba asiyoijua, anashukuru na kubeba sahani yake mwenyewe. Kabula alimuuliza, "Baba, kesho utapika pilau?" Akamwambia, "Mama yako anapika sasa, mwanangu." Mtoto akaniangalia mimi kama vile nimeiba kitu.

Siku moja niliomba kutoka mapema. Nilitaka niwahi, nipike tukiwa wote jikoni, nimshikishe kisu kwa lazima. Nilinunua nyama, nikanunua vitunguu vingi.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Begi la shule la Kabula halikuwepo kwenye msumari wake. Nguo zake hazikuwepo, wala za baba yake.

Jikoni palikuwa pasafi. Mezani palikuwa na sahani moja imefunikwa. Nilifunua. Ugali, na nsansa ya karanga, vyote bado vya moto.

Katika ndoa yangu yote haikuwahi kutokea nikatoka kazini nikakuta chakula kinanisubiri mimi mezani. Siku hiyo kilinisubiri. Nilikaa nikala. Mtu mwingine angekitupa, au angelia kwanza. Mimi nilikula nikilia, nikamaliza, nikapangusa sahani kwa kidole, kwa sababu ule moto uliokuwa kwenye chakula ndio uliokuwa umebaki wa mume wangu ndani ya nyumba.

Simu yake haikupatikana. Nikaenda Kasoli.

Mama mkwe wangu alikuwa uani, anakata viazi vya michembe, anavitandaza juani. Nilipiga goti, nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," aliitikia, bila kuacha kisu. "Hayupo hapa."

"Mayu, nisaidie. Masele anasema nimemgeuza mwanao mwanamke."

"Masele ana mdomo." Akakata kiazi kingine. "Mimi Mungu alinipa wavulana watupu. Nikiwa shambani, unadhani nani alikuwa ananipikia? Masele? Masele hawezi kuchemsha maji. Ni Mayige. Nilimfundisha mwenyewe, akiwa na umri wa Kabula."

Nilishtuka. "Na baba?"

"Baba yake alijua. Alikuwa anakula ananyamaza." Hapo ndipo aliponiangalia. "Wewe ulishindwa nini kula ukanyamaza?"

Alinifungia michembe kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka njiani, na hakuniambia mwanawe yuko wapi. Nadhani alijua.

Nikarudi kazini. Nikawa naamka, nakwenda, narudi. Friji ilijaa makopo ya maharage niliyochemsha kwa mtindo wa Wilhelmina na hakuna wa kuyala. Kiwanda kilipoanza kupunguza kazi za msimu, kila mtu alifurahi kurudi kwake mapema. Mimi niliomba niongezewe kazi.

Aliyenipa habari ni Wilhelmina. Aliisikia kwa madereva wanaosubiri kupakua pamba.

"Wanasema pale Lamadi barabara kuu kuna mgahawa mpya," aliniambia. "Mabasi ya Mwanza na Musoma yanasimama. Abiria wanashuka, kabla hata hawajanawa mikono chakula kipo mezani. Tena chakula cha kupikwa, siyo chipsi zilizolala."

"Kila mgahawa unasifiwa hivyo."

"Mpishi anachechemea, Nyanjige."

Jumamosi nilikuwa Lamadi kabla ya mchana. Nilivaa gauni ambalo Mayige analipenda. Nilibeba michembe ya mama yake, nikiwa na hotuba nzima kichwani.

Mgahawa ulikuwa wazi pande zote. Jiko lilikuwa mbele kabisa, barabarani, kila anayeshuka kwenye basi alione. Hakukuwa na pazia. Na mume wangu alikuwa pale, kofia nyeupe kichwani, anakaanga, anapakua, anaita, "Wa sangara nani? Wa maharage nani? Dereva anapiga honi, kuleni!" Abiria walikuwa wanamtania, naye anawarudishia. Akacheka.

Tangu lori lipinduke sikuwahi kuona meno ya mume wangu. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikamtazama anavyocheka, na ile hotuba yote ikaniishia kichwani.

Basi lilipoondoka nikavuka, nikakaa meza ya pembeni. Alikuwa amenipa mgongo, anaosha sufuria. Akaja mwanamke wa makamo, msafi, mwenye sauti ya upole.

"Karibu mama. Mimi ni Martha, mwenye mgahawa. Ila naomba usogee meza hii nyingine. Hapo ni pa mtoto wa mpishi wetu. Nimemtuma chumvi, akirudi anakula hapo."

Nikainuka. "Ana mtoto?"

"Wa kike. Ana adabu huyo! Nampenda kama wangu." Akapunguza sauti. "Maskini, mama yake alifariki."

Nilishika kiti.

"Alifariki?"

"Ndivyo alivyotuambia baba yake alipokuja kuomba kazi. Nilimuuliza, mwanaume na mtoto mdogo, mkeo yuko wapi? Akasema hayupo tena."

"Alikufa na nini?"

"Hatumchimbi sana, tunaona anaumia. Alisema tu kazi ilimchukua." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Nadhani ni ajali, huko viwandani."

Mayige akageuka na sufuria mkononi. Akaniona.

Sufuria haikuanguka. Aliishika tu, maji yakamchuruzika mpaka kwenye viatu, na asijue. Sikuona chuki usoni mwake. Niliona mtu anayeogopa, kama mtu aliyejenga nyumba ya nyasi na kuona moto kwa mbali.

Na hapo Kabula akaingia kutoka barabarani na pakiti ya chumvi. Alikuwa amenenepa kidogo. Nywele zake zilikuwa zimesukwa, na aliyezisuka simjui. Akanitazama. Akamtazama baba yake. Akanitazama tena.

Akasogea mpaka mbele yangu, akakunja goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuna aliyegeuka. Kila mtoto humwita mama kila mwanamke wa umri wangu, na kila mwanamke humwitikia mwanangu. Tulisalimiana mbele ya watu wote na hakuna aliyejua, ila sisi watatu.

Lakini mtoto hakuondoka. Alibaki amesimama, mkono wake umeshika pindo la gauni langu. Martha aliona ule mkono. Akauangalia uso wa Kabula, akauangalia wangu, akarudia.

"Mama," aliniuliza taratibu, "mnafahamiana?"

Mayige alikuwa ananitazama kutoka jikoni. Nikisema ndiyo, nimemwaibisha mume wangu mbele za watu kwa mara ya pili, na jiko hili nalo nimelifunga. Nikisema hapana, nimejizika mwenyewe, na mwanangu anasikia.

Kabula akalivuta gauni.

Nikafungua kinywa.